Jiwe Langu na Dagaa wa Mama Okech

Jumatatu, 28 Julai 2025

Leo nimetangaza vita. Adui bado hajui, lakini nimetangaza.

Sababu ni michembe. Nilipeleka sampuli mjini kwa mama mmoja mwenye duka. Akatafuna kipande, akasema si mbaya ila niandike kwenye mfuko kwamba ni mboga. Nikamuuliza viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa na kuanikwa juani, vimekuwa mboga lini. Akaingiza mkono kwenye mfuko wangu, akatoa dagaa mmoja mzima, akamlaza juu ya kaunta. Dagaa akanitazama. Nikaaga.

Chanzo nakijua. Jirani yangu Anyango, yaani Mama Okech, mjane, mtu wa Rorya. Kati ya nyumba yake na yangu hapa Butimba kuna jiwe kubwa la bapa, jua linalipiga kutwa. Anaanika dagaa hapo tangu tulipohamia. Nilipoanzisha mradi wa michembe, mke wangu Rebeka alipata pembe moja tu ya kuanikia. Pembe moja! Jiwe ambalo, ukilichunguza vizuri, limeanzia chini ya choo changu.

Rebeka akauliza kwa nini nisiongee tu na Mama Okech tugawane. Nikamjibu kwamba mwenye haki haombi. Akasema pia jambo fulani kuhusu cherehani chake: kwamba tangu nijaze magunia ya viazi kwenye chumba chake cha kushonea, anashonea barazani na vumbi linaharibu nguo za wateja. Na kwamba yeye hajawahi kusema anataka kuuza michembe. Nikamwambia jambo moja kwa wakati. Kwanza jiwe.

Jumatano, 30 Julai

Mpango wa kwanza. Dagaa hufika asubuhi, mitumbwi inaporudi. Kwa hiyo ukianika jioni, adui atakuta jiwe lote lina mwenyewe. Nashangaa watu wengine hawafikirii hivi.

Jana Rebeka alimenya kutwa nzima. Mimi nilisimamia, kwenye kiti. Jua lilipozama nikatandaza michembe jiwe zima, hadi kwenye kingo. Nikalala kwa amani.

Umande sikuupangia. Asubuhi michembe yote ilikuwa nyeusi, inateleza, inanuka pombe. Mama Okech akaja na beseni lake kichwani, akaangalia, akasema pole sana jirani. Kisha akainama akamsaidia Rebeka kuanua. Michembe yangu, kwa mikono yake! Ndipo akatandaza dagaa wake taratibu kama vile hakuna kilichotokea. Unafiki wa namna hii sijawahi kuuona.

Rebeka akanionyesha vidole. Vimekatwakatwa na kisu. Nikamwambia kuna mafuta kabatini.

Ijumaa, 1 Agosti

Mpango wa pili ulikuwa wa kisayansi. Silaha: korongo. Namaanisha wale wakubwa wenye kipara wanaotembea mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kama wakaguzi. Nilikwenda mwaloni alfajiri nikapewa ndoo ya matumbo ya sangara, nikayamwaga kuzunguka jiwe kabla mtu hajatoka nje. Hesabu yangu: korongo watakula matumbo, watahamia kwenye dagaa, Mama Okech atatafuta jiwe lingine. Mawe Mwanza hayajawahi kuwa haba.

Korongo walikuja, jeshi zima. Wakala matumbo. Dagaa hawakuwagusa, kwa sababu Mama Okech alikuwa ameketi pale na fimbo ndefu. Inaonekana huwa anakaa pale kutwa. Sikuwa nimemwona.

Waliposhiba, wakaruka kwenda kupumzika kwenye bati la karibu. Bati langu. Korongo aliyeshiba anafanya nini juu ya bati sina haja ya kuandika. Chini ya bati kuna baraza. Kwenye baraza kuna kamba. Kwenye kamba kulikuwa na gauni la bibi harusi la mteja mmoja, binti Winnie, ambalo Rebeka amekuwa akilishona tangu mwezi wa sita. Lilikuwa jeupe.

Rebeka hakupiga kelele. Nilitamani apige. Akaloweka gauni, akafua, akafua tena, akaingia ndani akafungasha mfuko. Akasema anakwenda kwa dada yake Kisesa, na atarudi siku nitakayoweza kumwambia, bila kusaidiwa na mtu, kwa nini ameondoka.

Nikamwambia hilo mbona rahisi: korongo. Akasema si korongo. Nikasema basi harufu ya dagaa. Akapanda bodaboda.

Nadhani dada yake ana mavuno.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani nilimkazia macho Mama Okech kuanzia somo la kwanza mpaka matangazo. Tulipoambiwa tutakiane amani, akageuka akanipa mkono. Nikaupokea kwa ubaridi mkubwa. Sidhani kama atausahau.

Baada ya ibada nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Mwalimu Tereza, mstaafu. Nikamwamkia shikamoo, nikaketi, nikamweleza kesi yangu yote, pamoja na habari ya choo. Kwa bahati mbaya Mwalimu Tereza amehudhuria semina ya usuluhishi hivi karibuni, yenye chakula cha mchana, na mtu akitoka semina hawezi tena kukupa haki yako moja kwa moja. Akasema Jumapili ijayo tutakutana palepale kwenye jiwe. Mimi nitasimama na kusema kana kwamba ni Mama Okech. Mama Okech atasema kana kwamba ni mimi. Majirani watasikiliza.

Nikauliza kama atakayemwelewa mwenzake vizuri zaidi ndiye atakayepewa jiwe. Akasema haya si mashindano, Baba Queen. Watu husema hivyo kuhusu mashindano wasiyotaka ushinde.

Nitamwelewa huyu mama mpaka ajute.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Jiwe ni tupu!

Tangu jana hakuna hata dagaa mmoja. Mama Okech ameketi mlangoni kwake anashona wavu, mpole kabisa. Macho yangu ya Jumapili yamefanya kazi. Nilijua yana nguvu, lakini si kiasi hiki.

Sasa kilichobaki ni kuanika. Tatizo dogo: hakuna michembe, kwa sababu hakuna aliyemenya. Nikasema nitamenya mwenyewe. Nimemwona Rebeka akimenya huku anaongea na kucheka, kwa hiyo si kazi inayohitaji akili. Nikakalia kigoda chake. Kiazi cha kwanza kilibaki na ukubwa wa gololi, sehemu nyingine yote ilikwenda na maganda. Cha pili nikajikata kidole gumba. Mgongo ukaanza kuuma, kisha kiuno, kisha sehemu nisizozijua jina. Nikajiuliza Rebeka anawezaje kukaa hapa kutwa. Nikajijibu kwamba amezoea. Nikaacha.

Binti yetu Queen amepiga simu kutoka Dodoma. Ameuliza kama nimelifikiria lile alilosema mama yake. Nikamwambia silifikirii jingine usiku na mchana: jiwe. Akakata. Mtandao wa Dodoma nao.

Jioni mwezi mnene umening'inia juu ya ziwa, kila kitu cheupe. Nimekula ugali na chumvi. Chumvi ilizidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Watu wote wamekwenda kuangalia ng'ombe wa maonyesho. Nafasi nzuri ya kufanya mazoezi.

Nimeona kwamba ili nimshinde Mama Okech lazima kwanza niwe Mama Okech. Nikajifunga khanga ya Rebeka, nyingine nikajitanda kichwani, nikachukua fimbo, nikaketi juu ya jiwe mahali anapoketi yeye. Nikangoja nianze kuona mambo kwa upande wake.

Niliona kwamba jiwe linaunguza. Khanga haisaidii chochote. Inzi wako wengi, na wote wanataka kuingia puani. Jua la saa sita hapa halina kivuli hata cha kuazima. Nikawaza mtu anakaaje hapa kila siku na fimbo mkononi. Nikajijibu kwamba amezoea. Hilo nikaliweka akilini kwa ajili ya hotuba.

Mlango wake ukafunguka. Kumbe hakwenda maonyesho. Akasimama akanitazama kwa muda, khanga zote mbili, fimbo na mimi. Akarudi ndani. Akatoka na bakuli la uji na karanga.

"Baba Queen," akasema polepole, "tangu Mama Queen aondoke, umekula?"

Nikamwambia natafakari. Akasema kutafakari ni vizuri lakini ninywe kwanza. Habari ya khanga hakuigusa. Kisha akaanza kusema kwamba kwa siku hizi jiwe liko wazi, na kama nina vitu vyangu... Nikamkatiza palepale. Nikamwambia shauri liko mbele ya mwenyekiti na si halali kulizungumza pembeni. Akasema haya jirani, akaenda zake.

Rushwa ya wazi. Nikaunywa uji wote ili usibaki ushahidi. Ulikuwa mtamu, na ndicho chakula cha kwanza cha maana tangu Ijumaa iliyopita, lakini hayo si ya kusema mbele ya watu.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa sijielewi. Nitajaribu kufuata utaratibu.

Majirani walikuja karibu wote, na viti vyao. Mwalimu Tereza akafungua. Nikaanza mimi. Nikasimama katikati ya jiwe na kusema: mimi ni Anyango.

Sijisifu. Lakini nilikuwa mzuri sana. Nikasema naamka giza, nangoja mitumbwi mwaloni kwenye baridi, nabeba beseni kupanda mawe haya. Natandaza dagaa mmoja mmoja. Nakaa juani kutwa kuwalinda, jiwe linaniunguza, inzi wananiingia puani, na nikirudi ndani hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Okech wangu anasoma kwa dagaa hawa. Watu wakaanza kufuta macho. Nikaona mzee Luhende ametoa leso. Nikajikuta nalia mwenyewe. Nikapaza sauti: halafu anatokea mwanamume mmoja na viazi vyake, hata kuniomba haniombi, ananimwagia matumbo ya sangara kuzunguka jiwe langu ili korongo wanifukuze!

Hapo mzee Luhende akashusha leso. Nilikuwa nimesahau kwamba hakuna aliyejua ni nani aliyemwaga yale matumbo.

Mwalimu Tereza akakohoa, akasema asante, tumsikilize na mwingine.

Mama Okech hakusimama hata katikati. Alisema palepale alipokuwa, na maneno yake yalikuwa machache. Nayaandika kama yalivyo.

"Mimi ni Baba Queen. Nina viazi vyangu, vinavuta harufu upesi, haviwezi kukaa na samaki. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi ya dagaa haitoki, maana dagaa wanafuata taa, na taa haionekani kwenye mbalamwezi. Siku hizo jiwe linakaa tupu. Lingenitosha. Lakini naona aibu kumwomba mwanamke mjane kitu, watu watasema nimefilisika, kwa hiyo nafanya ukali."

Basi. Akaketi.

Nimeishi kando ya jiwe hilo miaka yote hii. Kumbe ni mwezi! Si macho yangu. Nilihisi masikio yanawaka moto, na kwa kitambo kidogo nikaona kitu, kama pazia linavutwa. Kisha nikakumbuka kwamba ametumia habari ambayo mimi sikuwa nayo, jambo ambalo katika mashindano yoyote ni udanganyifu, na pazia likarudi.

Uamuzi: giza ni la dagaa, mbalamwezi ni ya michembe, na jiwe lioshwe katikati. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Tereza akasema mimi nimesema kwa uchungu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumsikia. Kwa hiyo nilishinda. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika.

Nilipogeuka nikamwona Rebeka. Alikuwa amesimama nyuma ya watu na mfuko wake uleule. Alikuwa amekuja nao. Macho yake mekundu.

Akasogea. Akasema mbele ya wote, bila ukali: "Baba Queen, umemsemea Mama Okech mpaka nimelia. Sasa nisemee na mimi."

Nikacheka kidogo. Nikamwambia wewe husemewi, wewe uko upande wangu.

Akauliza: "Upande wangu mimi ni upi?"

Watu wote wakaanza kutazama viatu vyao. Nikajaribu. Nikasema korongo. Nikasema gauni la Winnie, na hapo akainua uso, nikaona nimekaribia, kwa hiyo nikaendelea haraka: kwamba ingefaa mteja ashtaki mwenye korongo. Akainamisha uso tena. Nikasema mavuno ya dada yake. Mama Okech alikuwa ananitazama na kugusa vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi kwenye mtihani. Sikuelewa vidole vinahusu nini.

Rebeka akaingia ndani. Nikadhani anaweka mfuko. Akatoka na mfuko uleule; yeye na Mama Okech wakainua cherehani pale barazani, mmoja huku na mwingine huku, wakakipakia kwenye bajaji.

Labda kimeharibika, anakipeleka kwa fundi.

Nilitaka kumwambia abaki. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kumwambia abaki mbele ya wale watu kungefanana na kuomba.

Jumatatu, 18 Agosti

Mbalamwezi imekwisha. Dagaa wamerudi, jiwe lote linang'aa. Siku zangu za mbalamwezi zimepita bila hata kipande kimoja cha mchembe juu yake. Viazi kwenye magunia vimeanza kuota. Vingine vina majani mazuri kuliko ya shambani.

Fundi wa cherehani atakuwa mzembe. Siku zote hizi!

Asubuhi Mama Okech, akiwa anatandaza, aliniambia niende Kisesa. Nikamuuliza nikafanye nini. Akasema nikamuulize Mama Queen anachotaka, kisha ninyamaze nimsikilize. Nikamshukuru. Yeye ni mtu mwema, nakiri, lakini mambo ya ndoa hayawezi kuendeshwa kama dagaa.

Mimi nina mpango bora. Nyumba imekuwa kubwa mno, na jana nilijikuta namweleza gunia habari za siku yangu, kwa hiyo ni wa haraka. Nitakwenda Kisesa, ndiyo, lakini kwa mwenyekiti wa kule. Nitafungua shauri dhidi ya Rebeka kwa kuondoka na cherehani. Nitaomba wafuate utaratibu wa Mwalimu Tereza. Rebeka atalazimika kusimama mbele ya watu na kusema upande wangu, na akishausikia kwa mdomo wake mwenyewe hatakosa kurudi. Mimi nitasema upande wake. Na katika hilo, Butimba nzima inajua, sina mpinzani.

Nikiwa huko naweza hata kuanzisha semina: Jinsi ya Kuelewa Wengine, mwezeshaji Machibya, yaani mimi. Huku jirani wa upande wa pili, Shimba, anahitaji kuhudhuria ya kwanza. Jogoo wake anawika upande wangu wa ukuta kwa makusudi.

Kwenye baraza zimebaki alama za miguu ya cherehani, imechimba sakafu. Zilikuwa zinanisumbua kila nikipita. Nimeziwekea gunia juu.

Jioni nimeketi kuandaa hotuba ya upande wa Rebeka. Nimefikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nimeandika: Mimi ni Rebeka. Nikafuta, nikaanza upya, kwa sababu mwanzo lazima uwe na nguvu. Sasa nimeupata, na nauona umekamilika, hauhitaji kuongezwa neno:

Mimi ni Rebeka, na mume wangu ana haki.